Amri za Herufi Mbili

Ndugu msomaji, mjini siku hizi ni vigumu kumpata mtu ambaye mkono wake haujagusa kompyuta. Asiyekuwa nayo mezani anayo mfukoni, maana hiyo simu ya kioo nayo ni kompyuta, tena yenye nguvu kuliko zile zilizojaza chumba kizima katika miaka ya 1960. Lakini katika umati wote huu wa wagusaji, ni wangapi wanaoiamuru kompyuta, na ni wangapi wanaochagua tu miongoni mwa picha walizopangiwa na mtu mwingine? Hilo ndilo swali la mazungumzo yetu ya wiki hii. Ili tulijibu, inatubidi turudi nyuma zaidi ya nusu karne, mpaka kwenye maabara ya kampuni moja ya simu huko Marekani.

Huenda umewahi kumwona fundi wa kompyuta akifungua kioo cheusi kisicho na picha hata moja. Pembeni kuna kialama kinachowaka na kuzima, kama kinachosubiri kuambiwa neno. Fundi anaandika herufi mbili tatu, anabonyeza kitufe, na maandishi yanamiminika. Mtazamaji hudhani ni uganga. La hasha! Ni amri, na amri hizo zina wazazi wake, zina mahali zilipozaliwa, na zina sababu ya kuwa fupi kiasi kile.

Mwaka 1969, katika Maabara ya Bell yaliyoko Murray Hill, jimbo la New Jersey, watafiti walikuwa na huzuni. Kwa miaka kadhaa maabara hayo, pamoja na chuo cha MIT na kampuni ya General Electric, yalikuwa yakijenga mfumo mkubwa wa kompyuta ulioitwa Multics. Shabaha ilikuwa nzuri: watu wengi waweze kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Lakini kazi ilichelewa na gharama zilipanda, na mwaka huo Maabara ya Bell yakajitoa. Watafiti waliozoea mashine kubwa wakajikuta mikono mitupu.

Miongoni mwao alikuwamo kijana Ken Thompson. Alikuwa ameandika mchezo wa kusafiri angani kati ya sayari, lakini kuuchezea kwenye mashine kubwa ya maabara kulikula fedha nyingi. Akaitafuta mashine nyingine, akaiona PDP-7 ambayo haikuwa na watumiaji wengi. Kumbukumbu yake yote ilikuwa kama kilobaiti 18 hivi, ambayo leo haitoshi kuhifadhi hata picha moja ya simu yako. Katika mashine hiyo ndogo ndimo Thompson, akisaidiana na mwenzake Dennis Ritchie, alimoanza kujenga mfumo mpya.

Inasimuliwa na Thompson mwenyewe kwamba mwaka huo mkewe alikwenda California pamoja na mtoto wao mchanga kuwaona wazazi. Yeye akabaki nyumbani wiki kadhaa. Akazigawa wiki hizo kama mkulima anavyogawa shamba: wiki moja ya kiini cha mfumo, wiki moja ya programu ya kupokea amri, wiki moja ya kihariri cha maandishi, na wiki moja ya chombo cha kutafsiria programu ziwe lugha ya mashine. Mama mtoto aliporudi, msingi wa Unix ulikuwa umeshawekwa.

Hapa tusimame kidogo kwenye hiyo programu ya kupokea amri. Kwa Kiingereza jina lake ni sheli, na wakazi wa Dar es Salaam wasije wakadhani tunazungumzia kituo cha mafuta. Maana yake ni gamba, au tuseme kifuu. Ichukue nazi uitazame. Ndani kabisa kuna kiini, ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachosoma diski, kinachopanga nani atangulie na nani angoje. Mtumiaji haruhusiwi kutia mkono humo. Anaongea na kifuu kilichokizunguka, na kifuu ndicho kinachopeleka ujumbe ndani. Jina hilo lilibuniwa na Mfaransa Louis Pouzin, aliyefanya kazi MIT katikati ya miaka ya 1960, kabla Unix haijazaliwa. Sisi tuliite gamba.

Je, gamba linaambiwa nini? Kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix kilitolewa tarehe 3 Novemba 1971, na ajabu ni kwamba amri nyingi zilizomo zinatumika mpaka leo bila kubadilishwa jina. Ukiandika ls, gamba linakuorodheshea mafaili yaliyomo mahali ulipo, kama karani wa bohari asomavyo orodha ya magunia. Ukiandika cp, linanakili faili. mv inahamisha faili au kulibadilisha jina. cat inayamwaga maandishi ya faili kwenye kioo uyasome. mkdir inatengeneza saraka mpya ya kuwekea mafaili. date inakupa tarehe na saa, who inakwambia ni nani wamo ndani ya mfumo kwa wakati huo, na wc inahesabu mistari, maneno na herufi. Na ipo rm, yaani ondoa. Hiyo tutairudia, maana ina kesi yake.

Wengi hujiuliza kwa nini waungwana hawa hawakuandika maneno kamili. Jibu liko kwenye vidole vyao. Wakati ule hapakuwa na kioo mbele ya mtumiaji. Palikuwa na mtambo wa Teletype, kitu kama taipureta kubwa yenye ngurumo, inayochapa kwenye karatasi ya kukunjuka. Ule wa namba 33 ulichapa herufi 10 tu kwa sekunde moja. Ukurasa wa herufi 2,000 ulichukua zaidi ya dakika tatu kuchapwa. Vitufe vyake navyo vilikuwa vigumu, kila herufi ilidai kidole kikaze. Mtu anayeandika amri mia mbili kwa siku, kwa nini aandike neno zima iwapo herufi mbili zinatosha?

Sababu hiyo hiyo ndiyo iliyozaa tabia nyingine ya gamba ambayo huwashangaza wageni, nayo ni ukimya. Ukiliambia lihamishe faili, nalo likafanikiwa, halisemi kitu. Halikupongezi wala halikuulizi kama una hakika. Linarudisha alama yake na kusubiri amri inayofuata. Linasema pale tu jambo linapokwenda mrama. Karatasi na muda vilikuwa na thamani, na aliyekaa mbele ya mtambo alichukuliwa kuwa mtu mzima anayejua anachokitaka.

Mwaka 1970 kundi lile likapata mashine bora zaidi, PDP-11. Namna walivyoipata ni somo lenyewe. Wakubwa wa maabara, wakiwa bado na kidonda cha Multics, hawakutaka kusikia habari ya kugharimia mfumo mwingine wa kompyuta. Basi watafiti wakaahidi kutengeneza chombo cha kuandalia nyaraka, na ahadi wakaitimiza: mwaka 1971 wachapaji wa idara ya hataza walianza kuandaa maombi yao kwa kutumia Unix. Kwa hiyo watumiaji wa mwanzo wa amri hizi tunazoziona za kifundi mno walikuwa makarani wa ofisini, watu wa kuchapa barua. Anayesema leo kwamba mambo haya ni ya wataalamu peke yao aikumbuke habari hiyo.

Ndugu msomaji, Waswahili tunasema kidole kimoja hakivunji chawa. Amri moja ya Unix peke yake hufanya kazi ndogo sana. Nguvu ilikuja pale zilipounganishwa. Mwenye wazo hilo alikuwa Doug McIlroy, mtafiti wa Maabara ya Bell ambaye tangu Oktoba 1964 alikuwa ameandika waraka akisema ipatikane njia ya kuunganisha programu kama watu waunganishavyo mipira ya kumwagilia bustani. Kwa miaka mingi alilirudia jambo hilo bila kuchoka. Mwaka 1973 Thompson akakubali, akaifanya kazi hiyo kwa usiku mmoja. Likazaliwa bomba, ambalo huandikwa kwa mstari mmoja wa kusimama wima kati ya amri na amri.

Tutoe mfano. Mfanyabiashara ana faili linaloitwa wateja, lenye maelfu ya mistari, na kila mstari una jina la mteja na mahali anapokaa. Anataka kujua ni wangapi wanaokaa Temeke. Ataandika hivi: grep Temeke wateja | wc -l. Amri ya kwanza, grep, ambayo pia ni kazi ya Thompson, inachambua mistari yote na kuiacha ipite ile tu yenye neno Temeke. Bomba linaichukua mistari hiyo na kuimimina kwa amri ya pili, ambayo inaihesabu. Kioo kinaonyesha tarakimu moja, basi. Karani mwenye kalamu angetumia asubuhi nzima, na angeanza upya kila alipokatizwa na simu.

Hakuna mtu Murray Hill aliyetengeneza programu ya kuhesabu wateja wa Temeke. Walitengeneza vyombo vidogo, kila kimoja kikifanya kazi moja na kuifanya sawasawa, wakaacha mwenye haja aviunge mwenyewe. Na hapo ndipo faida ya ule ukimya inapoonekana. Kama kila amri ingepiga domo la kujisifu, domo hilo lingeingia kwenye bomba na kuichafua kazi ya amri inayofuata.

Swali linalofuata ni namna amri za maabara moja zilivyoenea duniani kote. Hapa sheria ilifanya kazi ambayo biashara isingeifanya. Mwaka 1956 kampuni ya AT&T, mmiliki wa Maabara ya Bell, ilifungwa na makubaliano na serikali ya Marekani kwamba isifanye biashara nje ya mawasiliano. Kwa hiyo haikuweza kuigeuza Unix kuwa bidhaa ya dukani. Iliwapa vyuo vikuu leseni kwa bei ndogo, pamoja na maandishi yote ya programu, bila kuahidi matengenezo. Wanafunzi wakayasoma, wakayarekebisha, wakapeana. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikawa chimbuko la nyongeza nyingi, na huko kijana Bill Joy akaandika gamba jipya. Katika Maabara ya Bell kwenyewe Stephen Bourne akaandika lake, lililotoka mwaka 1979.

Mambo yalibadilika mwaka 1984, AT&T ilipovunjwa vipande na ikapata ruhusa ya kuingia kwenye biashara ya kompyuta. Unix ikapandishwa bei, na maandishi yake yakaanza kufungiwa. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Tangu mwaka 1983 Richard Stallman alikuwa ametangaza nia ya kuandika upya mfumo wa namna hiyo, ulio huru kwa kila mtu kuusoma na kuugawa. Chini ya mpango wake, Brian Fox akatoa mwaka 1989 gamba linaloitwa Bash, jina lililo fumbo la Kiingereza lenye maana ya Bourne aliyezaliwa upya. Na mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 21, Linus Torvalds, alipotangaza kwamba anajenga kiini chake mwenyewe, miongoni mwa vitu vya kwanza alivyokuwa ameshavifanya viende humo lilikuwamo gamba hilo la Bash. Kifuu kikakutana na kiini, na nazi nzima ikapatikana bila malipo. Hiyo ndiyo Linux.

Matunda yake unayo mfukoni. Simu za Android, zilizoanza kuuzwa mwaka 2008, zina kiini cha Linux. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoongoza duniani kwa nguvu zinatumia Linux. Hali kadhalika sehemu kubwa ya mashine zinazoendesha intaneti. Mtu anayekwenda kuzihudumia mashine hizo mara nyingi hakuti picha wala kipanya. Anakuta kialama kile kile kinachosubiri neno.

Wapo watakaosema, hayo ni maneno ya Wazungu, sisi tutayawezaje? Naomba tutafakari pamoja. Je, ls ni Kiingereza? Je, grep ni Kiingereza? Mtoto aliyezaliwa New Jersey hana maana yake mpaka afundishwe, sawasawa na mtoto wa Mbagala. Ni kweli kwamba vitabu vingi vya maelekezo ni vya Kiingereza, na hilo si jambo dogo. Ni kweli pia kwamba juhudi za lugha yetu zimekuwapo: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa programu za ofisini kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Lakini kuhusu amri zenyewe, gamba halina ubaguzi. Lina hata amri iitwayo alias, ambayo humruhusu mtumiaji kuipa amri jina alipendalo. Andika alias orodha=ls, na kuanzia hapo ukiandika orodha gamba litatii. Mwalimu anayetaka kuwafundisha watoto kwa Kiswahili anaweza kuanza leo jioni.

Sasa tuirudie ile rm. Tumesema gamba halikuulizi kama una hakika. Ukiliambia liondoe, linaondoa, na kwa kawaida hakuna kapu la takataka la kwenda kuokotea. Wenye uzoefu wanajua mtego wa nafasi tupu. Alama ya nyota humaanisha kila kitu. Ukiandika rm *.txt, unaondoa mafaili yote ambayo majina yao yanaishia na txt. Lakini kidole kikiteleza kikaacha nafasi kati ya nyota na nukta, gamba linasoma maneno mawili. Linaanza na nyota peke yake, yaani mafaili yote, kisha linakwambia kwa upole kwamba faili liitwalo .txt halikuonekana. Nafasi moja tupu, na kazi ya mwaka imekwenda. Majuto ni mjukuu.

Msidhani yanawapata wanagenzi tu. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni Toy Story 2. Mtu mmoja akatoa amri ya kuondoa mafaili mahali pasipostahili, na wafanyakazi wakawa wanatazama wahusika wa filamu wakitoweka mmoja baada ya mwingine. Wakazima mashine, lakini sehemu kubwa mno ya kazi ilikuwa imekwisha kupotea. Walipokwenda kwenye nakala za akiba, wakakuta hazikuwa zikihifadhiwa sawasawa. Aliyewaokoa ni mwanamama Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa ufundi, ambaye alikuwa na nakala nyumbani kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga na alifanyia kazi huko. Kompyuta yake ikafungwa kwa mablanketi na kurudishwa ofisini kwa gari, taratibu kama mgonjwa. Filamu ikatoka mwaka 1999. Nakala moja ya ziada ilikuwa na thamani kuliko lawama elfu.

Kwa sababu ya hatari kama hizo, tangu kompyuta za picha zilipoenea, hasa baada ya Macintosh ya mwaka 1984, wengi walisema mambo ya kuandika amri yamepitwa na wakati. Picha ni jambo jema, sina ugomvi nazo. Zimewafungulia mlango mamilioni ya watu. Lakini kwenye picha unaweza kuchagua tu kile ambacho mwenye kuichora alikufikiria utakihitaji. Ni kama abiria wa daladala: anafika, tena bila jasho, ila njia na vituo amepanga mwingine. Anayejua amri kumi na mbili za gamba na namna ya kuziunga kwa bomba ameshika usukani.

Na siku hizi limezuka jambo jipya. Zipo programu ambazo ukiziambia haja yako kwa maneno ya kawaida, zinakuandikia amri ya gamba, wewe ubonyeze tu. Hapo kujua kusoma amri kunakuwa na uzito zaidi kuliko zamani. Tulifundishwa shuleni habari za Mangungo wa Msovero na karatasi za Karl Peters za mwaka 1884. Tulijifunza gharama ya kutia alama chini ya maandishi usiyoyajua. Anayebonyeza kitufe chini ya amri asiyoweza kuisoma anatia dole gumba lake kwenye mkataba, naye asije akashangaa yaliyokuwamo yakitekelezwa.

Kwa hiyo wazazi wanaolipa ada za mafunzo ya kompyuta waulize swali moja: je, mwanangu atafundishwa kuamuru, au kubonyeza tu? Vijana nao wasiogope kioo cheusi. Waanze na ls, ambayo haiharibu kitu. Waendelee na cp, wajizoeze kuweka nakala. Ile rm waifikie mwisho, wakiwa wamekwisha kujua kwamba mashine hii haina hasira wala huruma, hutii neno kama lilivyoandikwa. Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.